Masikio ni Amana



Kila sifa njema ni zake Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, mwaka huu tumeombwa tuandike ukurasa wa afya katika jarida letu. Huenda wengi mlitazamia malaria, sukari au presha, maana hayo ndiyo yanayotajwa kila siku majumbani. Sisi tumechagua maradhi ambayo hayana homa, hayana kidonda, na mara nyingi hayana hata maumivu. Nayo ni kupungua kwa usikivu, yaani masikio kuwa mazito kidogo kidogo mpaka mtu akawa hafahamu anachoambiwa.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, limepita nyumbani kwetu. Pili, sisi watu wa madrasa elimu yetu huanzia sikioni. Mtoto kabla hajaijua alifu wala bee husikia kwanza. Mwalimu husoma, naye huitikia. Hata hifdhi hupokewa hivyo, kutoka mdomo wa mwalimu hadi sikio la mwanafunzi. Sikio likiharibika na lisitazamwe, hasara yake haiishii sikioni.

Sisi tunaoandika ni ndugu watatu wa nyumba moja hapa Tanga. Wawili tulikwisha hitimu katika madrasa hii, na wa tatu bado yumo darasani.

BABU NA KORONA

Tanga ni mji wa mkonge, na babu yetu mzaa baba alikula mkate wake katika mkonge tangu ujana mpaka alipostaafu. Miaka mingi alikuwa kwenye korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Aliyepata kusimama karibu nayo ikiwa inafanya kazi anajua kwamba watu wawili bega kwa bega huzungumza kwa ishara za mikono. Babu anasema siku zile hawakupewa kitu cha kuziba masikio. Jioni wakirudi nyumbani masikio yalikuwa yakivuma kama baragumu, asubuhi yametulia, wanarudi tena kazini.

Alipovuka miaka sitini tabia yake ilianza kubadilika. Redio aliifungulia mpaka jirani wa pili akapata habari ya saa mbili bila ya kuwa na redio. Barazani alikokuwa fundi wa bao na masimulizi, akaanza kukaa pembeni. Wenzake wakicheka naye hucheka, lakini huchelewa kidogo. Akiulizwa jambo hujibu, "Eeh, ni kweli, ni kweli," hata kama swali halikutaka jibu hilo. Mwishowe akaacha kwenda barazani kabisa. Mtaani wako waliosema mzee ameanza kuringa, na wengine wakasema umri umemwingia, akili zimepungua.

Aliyeufichua ukweli ni shangazi yetu, aliyekuja kutoka Pangani kusherehekea Idi. Aliona kwamba akizungumza na Babu uso kwa uso, Babu hujibu vizuri. Akimwita kutoka nyuma yake, hageuki. Siku ya tatu akamwambia Baba, "Huyu mzee akili zake ni timamu. Hasikii. Anatusoma midomo."

Wakati huo yalikwisha tokea mambo mawili. La kwanza ni la dawa za presha. Kwenye dirisha la dawa Babu aliambiwa anywe kidonge kimoja kwa siku, asubuhi. Akaitika, "Ndiyo, nimefahamu," akaenda zake, na nyumbani akawa anakunywa asubuhi na jioni. Siku ya nne alipata kizunguzungu akaanguka uani, mkono ukateguka. La pili ni la barabarani. Pikipiki ilimpigia honi kwa nyuma asigeuke, na kama si dereva kuiangusha mtaroni tungekuwa tunaandika habari nyingine. Mambo yote mawili chanzo chake ni sikio, ingawa moja lilionekana ni la presha na la pili la usalama barabarani.

KWA NINI HUSIKIA LAKINI HAFAHAMU

Shangazi alimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwanza ilitolewa nta iliyoganda katika sikio moja, na hapo hapo kidogo akapata nafuu. Kisha akaketishwa katika chumba kimya, akavishwa vidude vya masikioni, akaambiwa anyanyue mkono kila anaposikia mlio. Majibu yalichorwa katika karatasi. Sauti nzito alizisikia vizuri. Sauti nyembamba zilikuwa zimepotea.

Daktari alitueleza, nasi tunaeleza kwa kadiri ya fahamu zetu. Sauti huingia katika tundu la sikio na kutikisa kiwambo, ambacho ni kama ngozi ya dufu. Kiwambo hutikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini. Kikuku hugonga kijumba kilichojipinda kama kombe la konokono, ndani yake mna majimaji na chembe ndogo sana zenye vinyweleo, zipatazo elfu kumi na tano katika kila sikio. Chembe hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Nazo zikifa haziotí tena. Nywele za kichwa zikinyolewa hurudi, hizi hazirudi.

Chembe zinazopokea sauti nyembamba zimekaa karibu na mlango wa kijumba hicho, kwa hiyo kila kishindo kinachoingia hupita kwao kwanza, kama zulia la msikiti linavyochakaa mapema pale mlangoni. Ndiyo maana kelele na uzee huanza kula sauti nyembamba. Na katika maneno yetu sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s, f, sh na th. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, ila hajui kama ameambiwa "siku" au "fiku", "sita" au "kita". Kwa hiyo hujibu, "Nasikia lakini sielewi," na huwa anasema kweli. Kumpigia kelele hakusaidii sana, kwa sababu kelele huzidisha zile sauti nzito ambazo tayari anazo.

Hapa tunawaomba walimu wetu wa tajwidi, kwa adabu na heshima. Mwanafunzi anayechanganya sini na thaa, au swadi na sini, mara baada ya mara ingawa anasahihishwa, huenda akawa na ulimi mzito. Huenda pia akawa hazisikii herufi hizo tofauti. Kabla hajaitwa mvivu au mtukutu, asogezwe safu ya mbele, kisha mzazi wake aombwe ampeleke akapimwe masikio.

HASARA ZAKE KATIKA MWILI NA MAISHA

Jambo hili si la mzee mmoja wa Tanga. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kubwa juu ya usikivu mwaka 2021. Ilisema kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 ulimwenguni wana upungufu fulani wa usikivu, na kati yao kiasi cha milioni 430 wamefikia hali ya kuhitaji matibabu au msaada. Wengi wa hao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Ripoti hiyo ikakadiria kwamba kufikia mwaka 2050 wanaohitaji msaada watakuwa wapatao milioni 700.

Hasara ya kwanza ni ya akili. Mwaka 2011 Dkt. Frank Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya watu 639 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa na upungufu mdogo wa usikivu walipata maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni kiasi cha mara mbili ya wanaosikia vizuri. Wenye upungufu wa kati walipata mara tatu, na wenye upungufu mkubwa mara tano. Haina maana kwamba kila asiyesikia atapoteza akili, la. Lakini ubongo unaotumia nguvu zake zote kukisia maneno hubakiwa na nguvu chache za kukumbuka, na mtu anayekimbia mazungumzo hukosa mazoezi ya akili. Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la The Lancet iliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi hayo na ambayo binadamu anaweza kuyapunguza. Upungufu wa usikivu usiotibiwa umo katika orodha hiyo, tena katika mambo yenye uzito mkubwa.

Hasara ya pili ni kuanguka. Utafiti mwingine wa Dkt. Lin, wa mwaka 2012, ulionyesha kwamba hata upungufu mdogo wa usikivu uliambatana na kuanguka mara tatu zaidi. Masikio hutusaidia kujua tulipo na kinachotujia. Tena kiungo kinacholinda mizani ya mwili kimo humo humo ndani ya sikio.

Hasara ya tatu ni upweke, nao huzaa huzuni. Mtu akiwa kati ya watu ishirini na hakuna anachokipata, yuko peke yake. Hasara ya nne ni ya riziki na usalama: maagizo ya kazi kukosewa, dawa kunywewa kinyume, honi na vilio vya hatari kutosikika.

Kwa mtoto hasara ni nzito zaidi. Mtu mzima akikosa usikivu, lugha anayo tayari. Mtoto mchanga asiyesikia hana pa kuipatia lugha, nayo miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo uko tayari kuipokea. Akichelewa kugunduliwa, huingia darasani akiwa nyuma ya wenzake, kisha huitwa mjinga kwa jambo ambalo halina uhusiano na akili.

HATIM AL-ASAMM NA SISI

Wasomaji wetu wengi mmepata kusikia habari za Hatim Al-Asamm, mja mwema wa Balkh aliyeishi katika karne ya tatu ya Hijra. Al-Asamm maana yake ni kiziwi, lakini hakuwa kiziwi. Inasimuliwa kwamba mwanamke alikuja kumuuliza jambo, na alipokuwa akisema ikamtoka sauti ya kuaibisha. Hatim akamwambia apaze sauti kwani yeye hasikii vizuri. Yule mama akafurahi kwa kudhani kwamba aibu yake haikusikika, na Hatim akaendelea kujifanya kiziwi mpaka jina likamganda.

Tukiitazama hali ya wazee wetu tunaona kinyume chake. Hatim alikuwa anasikia akajifanya hasikii, ili amsitiri mwenzake. Wazee wetu hawasikii nao wanajifanya wanasikia, ili wajisitiri wenyewe na wasiwachoshe wengine. Nia zao ni njema, ila sitara hii inawala. Ndani ya ile "Eeh, ni kweli" ya Babu kulikuwa na kidonge cha jioni kisichotakiwa na honi isiyosikika. Upungufu wa usikivu ungekuwa na maumivu, wangelalamika mapema. Kwa kuwa hauna, hufichika miaka na miaka, na anayeuficha zaidi ni mwenye nao. Basi dalili zitafutwe na wale wanaoishi naye, kabla yeye hajasema.

SIKIO LINALOTOA USAHA

Kwa watoto, ripoti ile ya mwaka 2021 inasema kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Mojawapo, tunayoiona mitaani kwetu kila siku, ni sikio linalotoa usaha. Wazazi wengine huona ni jambo la utoto, litakoma lenyewe. Wengine hutia mafuta ya moto, maji ya kitunguu au vitu vingine. Sikio linalotoa usaha mara nyingi kiwambo chake kimetoboka, na kila kinachotiwa humo hupita moja kwa moja ndani. Usaha ukikaa muda mrefu hula vile vifupa vitatu, unaweza kuingia katika mfupa wa nyuma ya sikio, na ukavuka hadi kwenye ubongo. Watoto hufa kwa ajili ya hilo. Na tiba yake ikiwahiwa ni nyepesi: kusafishwa, dawa ya matone kwa maelekezo ya daktari, na kulilinda sikio lisiingie maji.

Sababu nyingine ni surua, matumbwitumbwi, homa ya uti wa mgongo, na rubela kwa mama mjamzito. Kwa hiyo chanjo ni kinga ya masikio pia. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2014, mtoto asikoseshwe. Dawa kali za sindano za jamii ya gentamisini na streptomisini huweza kuua chembe za sikio, basi zisitumike ila kwa amri ya daktari. Na kofi la sikio, ndugu zetu, huweza kupasua kiwambo kwa pigo moja. Adabu ifundishwe kwa njia nyingine.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mzee anayefungulia redio sana, anayejibu visivyo, au anayejitenga na watu, apelekwe akapimwe masikio kabla ya kuambiwa ni uzee. Huenda ikawa ni nta tu.

2. Sikio likiacha kusikia ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba ikichelewa huenda isifae.

3. Tusiingize vijiti, njiti za kibiriti wala manyoya ya kuku masikioni. Huisukuma nta ndani na huweza kutoboa kiwambo.

4. Wanaofanya kazi kwenye mashine za kusaga, karakana, useremala na kuchomelea vyuma wavae vizibo vya masikio. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu.

5. Vijana, simu isipite asilimia 60 ya sauti yake unapovaa vidude vya masikioni. Na katika maulidi na harusi, watoto wasiketishwe mbele ya spika.

6. Anayesema na mwenye masikio mazito amwelekee uso, aseme taratibu, na maagizo ya dawa yaandikwe.

7. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, au aliyefika mwaka mmoja na nusu bila neno, apimwe. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Na asiyefaa kwa kifaa ana lugha ya alama na shule zake, kama ile ya Buguruni, Dar es Salaam. Kiziwi ana akili timamu na ana haki ya kusoma dini na dunia yake.

Wapo watakaouliza kama kifaa kinasaidia kweli. Mwaka 2023 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa wazee 977, wa miaka 70 hadi 84, waliofuatwa kwa miaka 3. Kwa wote kwa jumla, kifaa hakikuonyesha tofauti kubwa katika akili. Lakini kwa wale ambao hatari yao ilikuwa kubwa tangu mwanzo, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48.

Babu yetu naye alipata shimesikio, baada ya Baba, Shangazi na ami zetu kuchangishana. Wiki za mwanzo alilichukia. Alisema sahani zinagongana kichwani mwake na kandambili zake mwenyewe zinamfuata. Akafundishwa kulivaa saa chache kwa siku, mpaka akazoea. Chembe zilizokufa na korona hazikurudi, na katika kelele nyingi bado hupotewa na maneno. Ila dawa zake anazijua, barabara anaivuka, na adhana ya alfajiri huisikia mwenyewe bila ya kuamshwa. Kwenye bao wenzake wanalalamika kwamba sasa anasikia hata wanapohesabu kete kwa kunong'ona.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie masikio yetu na ya wazazi wetu, awape shifaa walio wagonjwa, na atujaalie tuwe wenye kusikia yaliyo mema na kuyafuata. Amin.

Wabillahi tawfiq.